Alama ya Kujumlisha: Maisha ya Fundi wa Kompyuta wa Kituo cha Maji

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wenzake marehemu wa kazini, shemeji yangu mkubwa ndiye aliyepangiwa kusoma karatasi hii, lakini amesema kuna jambo ndani yake ambalo marehemu aliniambia mimi peke yangu, kwa hiyo nisome mwenyewe, naomba mnivumilie, sauti yangu ni ndogo.

Marehemu mume wangu alizaliwa tarehe 14 Juni 1984, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mshona viatu na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, sekondari 1999 hadi 2002, kisha chuo cha ufundi miaka miwili, na mama mkwe anasema tangu utotoni hakulala bila kujaribu komeo la mlango mara mbili, ndugu zake wakimcheka kwamba humu ndani cha kuiba ni yeye mwenyewe.

Tarehe 3 Januari 2008 aliajiriwa kuwa fundi wa kompyuta katika kituo cha kusafisha maji, ambako kompyuta ndizo zinazopima dawa inayotiwa kwenye maji kabla hayajafika mabombani, na wenzake wakampa jina la Umefunga, kwa sababu ndiyo ilikuwa salamu yake, ukimpa mkono anakuuliza kwanza kama umefunga mashine yako.

Tulioana tarehe 20 Agosti 2016, binti yetu akazaliwa tarehe 11 Mei 2018, saa nne asubuhi, naomba tarehe hiyo muikumbuke, na mdogo wake akafuata tarehe 2 Februari 2021.

Jumanne tarehe 6 Oktoba 2020, saa tatu asubuhi, marehemu alikuwa amesimama katika chumba cha mitambo na kikombe cha chai mkononi, kiti kikiwa kitupu, akaona mshale kwenye skrini unatembea wenyewe, taratibu, kama mtu anayepekua kabati la watu, ukafika kwenye kipimo cha dawa ukaanza kukipandisha, naye akang'oa waya wa mtandao, chai ikamuunguza. Alirudi nyumbani akamwaga ndoo zetu zote, ingawa maji yalikuwa salama, nami nikiwa na mimba ya miezi mitano nikashikwa na hofu ambayo haijanitoka hadi leo.

Alitafuta siku nne mahali alipoingilia mgeni huyo aliyeusogeza mshale kutoka mbali, akapakuta kwenye faili dogo lenye orodha ya mashine zinazoruhusiwa kuingia bila kuulizwa neno la siri, ambapo badala ya majina kulikuwa na alama moja tu ya kujumlisha, ile ile tuliyofundishwa darasa la kwanza, na humo maana yake ni yeyote, kutoka popote. Alama hiyo iliandikwa tarehe 11 Mei 2018 asubuhi, na aliyeiandika ni yeye, kwa kuwa alipigiwa simu kwamba nimeshikwa na uchungu, akataka mashine zielewane upesi ili awahi hospitali, akasema ataifuta akirudi, akarudi na furaha ya mtoto, akasahau. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo akasema kosa ni lake, mkuu akamjibu kwamba aliyefungua ndiye atakayefunga, na mwezi huo akafuta alama hiyo kwenye mashine kumi na sita kati ya kumi na saba alizokuwa ameiandika siku ile, ya kumi na saba ikiwa mbovu, imefungiwa stoo.

Alianza kuugua ini Novemba 2024, akalazwa tarehe 19 Januari mwaka huu. Mwezi Februari mwenzake mmoja alikuja kumtazama, akamwambia kwa furaha kuwa ile mbovu imepona, itawashwa mvua zikianza, na alipoondoka marehemu akanishika mkono, akaniambia Mama, ile sikuifuta, akaniandikisha kwenye daftari mambo yanayopaswa kufanywa. Nilikwenda kituoni mara mbili, mlinzi akanielekeza dirisha namba mbili, nikapanga foleni, zamu yangu ilipofika nikaona aibu, nikauliza choo kiko wapi. Alifariki Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa saba mchana, akiwa na miaka arobaini, na tangu siku hiyo kila asubuhi nanusa maji kabla ya kuwapa watoto, na wingu la jana mmeliona wote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliolala na watoto wetu, na wenzake wa kituoni mlioleta viti na turubai. Mkuu wa kituo, nakuona safu ya pili, nakuomba mbele ya watu hawa mashine ya kumi na saba isiwashwe kabla alama hiyo haijafutwa, jina la faili silitaji, alinikataza, limo katika daftari hili nitakalokupa mkononi nikimaliza.

Baba watoto, pumzika sasa, usiinuke kujaribu komeo, nimesema, na wamesikia.