Nusu ya Sindano

Tak. Mlio ulikuwa mdogo kiasi hicho, ndugu zangu, kama kucha inayokatwa. Nilikuwa nimeukumbatia mtungi wa maji, nikiupandisha ngazi za nyumba yetu hapa Utange, na kifuani mwa dera nilikuwa nimechomeka sindano ya kushonea vitambaa vya kanisa. Sote tunaoshona huichomeka hapo. Nawaona wawili mmeichomeka hata sasa.

Nilihisi kama nimeng'atwa na siafu. Kwenye dera ilibaki nusu yenye tundu.

Mama ana sheria yake: sindano ikipotea, hakuna kukaa mpaka ipatikane. Siku hiyo alikuwa mlangoni, akianza safari ya matangani Kaloleni, akaniona nikipapasa sakafu kutafuta nusu ya pili.

"Msomi mzima washindwa na sindano? Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

Akaenda zake.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili, nami nimezoea kudai ushahidi. Nilipitisha sumaku sakafuni. Kifuani palikuwa na kitone chekundu tu. Nikahitimisha kwamba nusu ile ilianguka njiani. Siku ya pili nikivuta pumzi pakachoma. Nikaandika saa na upande unaouma. Siku ya nne sikuweza kulala chali. Niliorodhesha sababu saba za maumivu yale, zote isipokuwa moja niliyoijua.

Siku ya sita mtungi ulinishinda kwenye ngazi ya tatu. Niliketi papo hapo, nikihema, ndipo nikatambua kwamba kwa siku sita nilikuwa nimekaa na sindano haijapatikana.

Hospitalini picha ilionyesha ncha imetoboa ukuta wa moyo, na damu imejaa kwenye mfuko unaouzunguka. Walinipasua wakaitoa. Moyo umebaki na kovu. Nachoka upesi, ndiyo maana nazungumza nimeketi, mniwie radhi.

Nawashukuru wauguzi, jirani aliyenibeba, nanyi mliojitolea damu. Nawaambieni hili tu: kitu kikikuingia kifuani, usikivute, wala usikitafute sakafuni. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

Wengi huniuliza nilipona lini. Mimi huhesabu kuanzia pale kwenye ngazi, nilipopiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema?"

"Ile sindano sikuipata."

 Nilisikia watu wa matanga wakizungumza nyuma yake.

"Basi hakuna kukaa," akasema. "Mwite jirani. Nami naja."