Dole Gumba la Kapteni

Kivuko kilipoacha Busisi, Muganyizi, karani mstaafu kutoka Kagera, alimuuliza mama aliyeketi karibu naye kinachompeleka Mwanza. "Shikamoo, mzee. Ni orodha ya dawa ya pamba," alisema Paskazia. "Mwandikishaji alipita kuuliza nani wanalima pale kwetu. Mume wangu akaanza na wanaochoka zaidi, Kapteni na Sajenti, maksai wetu. Fomu ikajaa kabla hajatutaja sisi."

Muganyizi alicheka mpaka akakohoa. Paskazia hakucheka, maana wadudu walikuwa shambani wanakula pamba yake. "Sasa orodha imebandikwa ofisini kule Mwanza, kila mtu asome. Kapteni kapokea dawa ya ruzuku, na dole gumba katia."

"Ng'ombe ana dole gumba, mama?"

"Ndilo nataka wanionyeshe ni la nani."

Muganyizi alimhurumia. Miaka thelathini alikaa dirishani akiwarudisha watu kama huyu. "Hawatakusikiliza. Malalamiko huletwa na aliyeandikwa, mwenyewe."

"Hata juzi waliniambia hivyo hivyo."

Kivuko kikagusa Kigongo. Abiria wakabanana pembeni kupisha, na Paskazia akaenda nyuma ya malori, akawafungua Kapteni na Sajenti, akawaswaga kuelekea barabara ya mjini.