Baiskeli ya Kidole Kimoja

Kwenye treni ya asubuhi, muuza mkaa alikuwa ameketi na mkewe, kaishikilia baiskeli yake ya chuma, ile yenye karia pana ya magunia. Akaingia fundi saa, baiskeli inaning'inia kidoleni kama mkoba wa sokoni.

"Hiyo ya karatasi?" muuza mkaa akauliza, hata salamu hakutoa.

"Ya alumini, kaka. Fremu nimeitoa kwa wauza vyuma chakavu, magurudumu nimebadilishana na saa ya ukutani. Kisha nikapunguza: stendi, madigadi, karia, hata kengele. Nikitaka watu wanipishe, napiga mluzi."

"Na mke utampakia wapi?"

"Sina mke."

"Kumbe naye ulimpunguza!"

Behewa likacheka, muuza mkaa akatanua kifua. Mkewe tu ndiye ambaye hakucheka. "Hebu, shemeji, nijaribu kuiinua," akamwambia huyo shemeji wa dakika tatu. Akainyanyua kwa kidole cha shahada, akatabasamu tabasamu ambalo mumewe hakuwa ameliona tangu alipokwenda kumposa.

"Yetu," akasema, "kuipandisha ngazi ni kama kubeba jeneza."

"Na juu ya jeneza hilo hupanda nani kila siku?" mume akafoka.

Treni ikasimama, fundi saa akashuka na baiskeli yake begani. Ya muuza mkaa pedali ilinasa kwenye kiti. Akageuka ili mkewe amshikie nyuma, kama ilivyo kawaida yao. Lo! Mama watoto keshashuka, kasimama stesheni, kabinua midomo, anajaribu kupiga mluzi.