Siri ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliyeketi mbele yangu kwenye basi alichangamka kama aliyeshinda bahati nasibu, ingawa habari yenyewe ilikuwa ya wizi.

"Benki wamenipigia, kaka yangu. Eti nina kadi ya mkopo, na nimeinunulia friji la milango miwili. Mimi, ambaye kadi yenyewe sijawahi kuiona."

Jirani yake, kinyozi, alimgeukia mwili mzima. Vinyozi wamezoea kuongea na watu wasioweza kuondoka. "Dada, kuna mtu ana namba yako ya kitambulisho. Akiipata hiyo na jina lako, benki wanamhesabu kuwa ni wewe."

"Aipate wapi? Kitambulisho nakifungia kabatini. Namba yangu hata mume wangu haijui. Kosa ni la benki, wangeangalia sura."

"Sura haionekani kwenye simu, dada."

Basi liliposimama, fundi alishuka huku bado anabisha. Begani alining'iniza mkoba aliojishonea mwenyewe, na ubavuni mwa mkoba huo, kwa uzi mwekundu, alikuwa amedarizi jina lake kamili na namba ya kitambulisho, ili ukipotea, atakayeuokota ajue ni wa nani.