Kwa Nini Kapteni Hakufa

Kwenye kona ya soko la La Paz, mjini Iloilo, Ufilipino, pale wauza samaki wanapopakana na wauza maua, pana benchi la mbao lililokaliwa mpaka likafanya mabonde. Nyuma yake Manang Luming, manang maana yake dada mkubwa, huchuja kahawa kwa mfuko wa kitambaa, nyeusi tii, na hana muda wa porojo. Porojo ni kazi ya wenye benchi. Asubuhi hiyo Consorcia, ambaye mtaa mzima humwita Kapteni tangu enzi zake za kuongoza timu ya mpira wa wavu, alitoka hospitali akaja kijiweni moja kwa moja, hata kwake hakupita. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, kama mtu aliyetekenywa msibani.

— Nimeachiwa jamani! Miaka mitano imetimia! Daktari kasema saratani ya mfuko wa uzazi haipo, nirudi mwakani kumsalimia tu!

Benchi likalipuka. Wakili, jina lake halisi Crisanto, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha abiria ambaye hajawahi kukubali kushindwa kwa hoja, alimkumbatia mpaka kahawa ikamwagikia viatu vyake. Askofu, mzee aliyekuwa akigonga kengele za kanisa, alipiga ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika mkate, akajipaka siagi kwenye paji la uso.

— Si nilikwambia? alisema Askofu. Nilimsumbua Mtakatifu Rita mpaka akachoka na mimi.

— Wewe huyo? Kapteni alimcheka. Siku ya upasuaji wangu ulikuwa kwenye mapigano ya majogoo!

— Nilikuwa naomba huku natazama jogoo. Mungu anasikia popote.

Kapteni alikaa katikati yao, akapewa glasi yake. Alikuwa mwepesi, anajisikia angeweza kuruka wavu. Lakini kuna swali alilotoka nalo kwa daktari, akaona alitoe.

— Daktari kasema siku hizi anawaona wengi wa ugonjwa huu wanaoishi kuliko zamani alipoanza kazi. Sasa nikawaza, bibi yangu aliondoka nao. Mama akaondoka nao, chumba kile kile. Mimi nimebaki. Kwa nini?

— Hukumuuliza? alisema Wakili.

— Ningeuliza saa ngapi, nami nalia kwenye koti lake?

Ikawa kosa. Kumwachia Wakili swali lisilo na jibu ni kumwachia paka samaki.

— Jibu liko wazi, alisema, akajinyoosha. Ni waume. Zamani mume alishinda nyumbani, mara chakula, mara shati, mwanamke presha juu. Siku hizi waume wa Iloilo wote mabaharia. Mume yuko Norwe miezi tisa! Mwanamke analala, anapumua, ugonjwa unakosa pa kushika.

— Mume wangu hajavuka maji hata kwenda kisiwa cha Guimaras hapo ng'ambo, alisema Kapteni. Na usiku anakoroma.

— Basi wewe umepona kwa ubishi.

— Ondoa mabaharia wako hapa! Askofu aliingilia. Ni karaoke. Mfuko wa uzazi ni kama ngoma, si ndiyo? Ukiimba kwa nguvu unatikisika. Kabla mashine za karaoke hazijaja, nani alikuwa anatikisa? Hakuna. Uchafu unatulia humo.

— Kwa sauti yake Kapteni, hata figo zimehama, alisema Wakili.

— Nyie! Kapteni alikuwa amejishika mbavu.

— Sikilizeni, sikilizeni. Wakili alipanda juu ya benchi. Nimepata yenyewe. Ugonjwa unakuja mjini kumtafuta mtu, si una anwani? Sasa serikali imebadilisha majina ya mitaa. Unafika, unauliza mtaa wa zamani, hakuna anayeujua! Unazunguka soko zima, mwisho unapanda basi unarudi ulikotoka.

— Uongo mtakatifu! Askofu alifuta machozi. Umezeeka tu huo ugonjwa. Ulikuja na wakoloni Wahispania, hesabu mwenyewe umri wake. Siku hizi ukifika mlangoni unaomba kiti kwanza.

Walicheka mpaka muuza kamba wa baharini wa jirani akaacha mizani aje asikilize. Kapteni alicheka kuliko wote. Ilikuwa raha kuutukana ugonjwa ule mchana kweupe, kwa sauti, baada ya kuunong'ona miaka yote.

Alikuwapo Analyn, bibi harusi aliyehamia mtaani juzijuzi, anasubiri kahawa ya mumewe. Alikuwa amecheka nao kwa kuona haya. Sasa akauliza:

— Samahani, shangazi. Wewe ulijuaje kama unaumwa?

— Damu, mwanangu. Hedhi ilishakoma zamani, halafu siku moja nikaona damu. Nikamwambia binti yangu, akanivuta kwa daktari jioni ile ile.

— Na mama yako aliona nini?

— Damu hiyo hiyo.

— Yeye alimwambia nani?

Kapteni alifungua mdomo. Akamwona mama yake akifua peke yake kabla ya jua kutoka, akianika nguo nyuma ya nyumba, mbali na macho ya watu. Wakili alishuka taratibu kutoka juu ya benchi. Askofu akatazama mkate wake.

Nyuma yao birika liligongwa juu ya jiko.

— Mimi sijamwambia mtu, alisema Manang Luming.

Wote waligeuka. Alikuwa amewapa mgongo, anakamua mfuko wa kahawa uliokwisha kukauka.

— Naona damu tangu sikukuu ya Candelaria, miezi sasa. Nikasema labda ni uchovu.

Hakuna aliyetoa nadharia. Kapteni alizunguka benchi, akamvua aproni kama anavyovuliwa mtoto.

— Wakili, washa pikipiki.

— Na wateja wangu? alisema Luming.

— Wanywe maji. Twende, dada. Nitakushika mkono mpaka ndani.

Akamshika kweli. Alimshika siku ile, akamshika siku ya majibu, Luming alipoambiwa kuwa ni saratani lakini haijatoka nje ya mfuko wa uzazi. Akamshika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa. Kumbe kushika mkono ni kugumu kuliko kushikwa: Kapteni hakuwa ameogopa hivyo hata zamu yake ilipofika. Daktari alipotoka na kusema wametoa vyote na wanatarajia mema, ni Kapteni aliyehitaji kiti.

Wiki zile zote Wakili ndiye aliyechuja kahawa kijiweni, na wateja walikunywa kwa heshima ya mgonjwa.

Luming alirudi asubuhi moja ya Jumamosi, mwembamba, anatembea polepole. Hakwenda jikoni. Alikaa kwenye benchi, kati ya Kapteni na Askofu, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani mwake. Wakili alimletea glasi kwa mikono miwili. Benchi zima likainama mbele kama linasubiri majibu ya maabara.

Luming alionja. Akatazama ndani ya glasi. Akamtazama Wakili.

— Crisanto, ugonjwa umeshindwa kuniua, ukaona umalizie wewe?

Askofu alianguka kutoka kwenye benchi, kweli kweli. Kapteni alipiga yowe la kicheko lililofika kwa wauza maua, na Luming, mkono tumboni, alikuwa anaomba huruma:

— Nyamazeni! Mshono! Jamani, mshono wangu!

Lakini yeye ndiye aliyekuwa anacheka zaidi.