Dolores Hrabovsky na Madirisha Yasiyopotea

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Dolores Hrabovsky anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu hapa Pittsburgh kwa miaka thelathini na sita. Nimekuwa jirani yake wa meza kwa thelathini na mitano kati ya hiyo, ndiyo maana nimeombwa niandike, tena nikaonywa nisitie chumvi.

Alikuja mwaka 1983, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Homestead. Alipewa kazi ya kuandika programu ya kupanga madirisha kwenye skrini za kompyuta za wahandisi. Siku hizo madirisha yalibanana kama vigae. Ukifungua jipya, yaliyokuwapo yanasinyaa. Bwana Dunleavy, mkuu wetu, aliupenda mpangilio huo. Aliuona nadhifu.

Dolores hakubishana. Alibeba kiti akaenda kukaa nyuma ya Walt Kosciak, mchoraji wa madaraja, akawa anamtazama tu. Siku ya tisa Walt akalipuka: "Dada, daraja langu limebaki kama stempu! Si uniache nilaze dirisha moja juu ya jingine, kama karatasi mezani?"

Dolores akarudi anacheka, akaiandika upya programu nzima. Sasa madirisha yalilaliana na kuvutwa kwa kipanya. Tena akaitenga programu yake na nyingine zote, ili ikianguka, yaani ikizimika ghafla, isiziangushe na zile.

Machi 1986 wakaja wageni wa kampuni moja ya ujenzi kutazama programu zetu kabla ya kuzinunua. Wangekataa, idara yetu ya watu saba ingefungwa. Katikati ya maonyesho, programu ya Dolores ikaanguka kweli. Fremu za madirisha zikatoweka, kipanya kikawa hakivuti kitu. Bwana Dunleavy akawa mweupe kama chaki. Mgeni mkuu, mama wa makamo, akaanza kufunga mkoba.

"Basi, mchoro umekwenda," akasema.

"Fremu tu ndiyo imeanguka, mama," Dolores akamjibu. "Picha bado iko ukutani."

Akaandika neno moja, akabonyeza kitufe. Fremu zikarudi moja baada ya nyingine, na daraja la Walt, ambalo hakuwa amelihifadhi, lilikuwa pale pale, halijapungua hata mstari.

Yule mama akaweka mkoba chini. "Hebu iangushe tena nione."

Dolores aliiangusha mara nne, na kila mara tulipiga makofi kama watoto. Wageni walikubali kabla ya chakula cha mchana. Bwana Dunleavy alimkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya, wala hakulirudia.

Katika miaka yake yote hapa amefundisha waandishi wa programu zaidi ya arobaini, nami nikiwamo. Kila Ijumaa ya Kwaresima ametulisha ghorofa nzima pierogi, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa viazi. Makosa ya programu huyapa majina ya mashemeji zake. Sugu kuliko yote linaitwa Stanley.

Sasa anakwenda kujifunza kodiani na kikundi cha kanisani kwake. Mazoezi yanaanza Jumatatu.

Dolores, asante kwa uvumilivu wako na kwa kicheko chako. Uishi miaka mingi yenye raha. Sisi tutajitahidi tusikupigie simu kabla ya Jumanne.