Flaviana na Jiko la Kukodi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Aliye na chungu motoni apunguze mkaa, aje asikilize.

Kitendawili! Nyumba yangu imejaa watu, wanaongea usiku na mchana, lakini hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake akikohoa.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Haya, mmenipa Buguruni. Nimekwenda Buguruni, nimekula ndizi, nimerudi. Jibu ni kundi la kwenye simu.

Leo tunamkumbuka binti aliyewatoa watu simuni akawaleta uani kwa mama yake. Ni Flaviana. Flaviana Fransis, wa Kunduchi Mtongani. Ametutoka Jumanne iliyopita kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Flaviana alizaliwa Masasi, akaletwa Dar mgongoni mwa mama yake, Bi Demetria, muuza samaki wa kukaanga. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Mie elimu yangu ni darasa la saba, nikamwomba Bi Demetria anifafanulie. Akasema: "Anaiambia simu la kufanya, na simu inamtii. Inamtii kuliko yeye alivyokuwa ananitii mie."

Na alikuwa mtu wa wasiwasi. Hilo kila mtu analisema. Mlango akishaufunga, anarudi kuusukuma. Mvua isiponyesha anaogopa ukame, ikinyesha anaogopa mafuriko. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitwika kazi ya kualika watu.

Wenzake waandishi wa programu walikuwa kundi moja, wengine Temeke, wengine Kinondoni, wengine Msasani. Miaka miwili wanasaidiana kwa maandishi tu. Wanagombana, wanapatana, hawajuani sura. Mwezi wa kwanza mwaka jana, jua la kaskazi linachoma mpaka mchanga, Flaviana akawaandikia: "Jamani, njooni kwetu Jumamosi tule nyama choma. Hakuna hotuba, hakuna tai. Njooni na kandambili."

Wakamjibu kwa kile kidole gumba cha simuni. Vidole vikajaa. Hapo ndipo usingizi ulipomwisha.

"Mama, hiki kidole maana yake nakuja, au maana yake nimeona?"

"Kidole ni kidole, Flavi. Nipishe nigeuze samaki."

"Wakija wote, nyama haitoshi. Wasipokuja, itaoza."

"Kaa chini! Unanizungusha kichwa."

Lakini hofu yake kubwa, wasikilizaji, ilikuwa juu ya mtu mmoja. Salsabil. Huyu ni binti wa Mzee Matar, mwenye duka la vyombo Buguruni, duka alilorithi kwa baba yake. Flaviana na Salsabil walikuwa wanatengeneza programu moja pamoja, ya kuwasaidia wenye maduka. Kwa simu walikuwa mashoga kabisa, hata vidonda vya tumbo walikuwa wanaambiana. Uso kwa uso, hata siku moja. Naye Mzee Matar alishasema: "Mie hao watu wa simuni siwajui. Nitakwenda nikawaone kwa macho yangu. Nisiporidhika, mambo ya kundi yaishe."

Kwa hiyo shikeni hapo. Mzee asiporidhika, Salsabil anaondoka, na kazi yao inakufa.

Flaviana akapanga kila kitu kwa kumfikiria mzee. Bia akazipiga marufuku. Muziki ukawa wa chini. Mbuzi akanunuliwa, na Mzee Matar mwenyewe akaombwa aje mapema amchinje, ili Mwislamu na Mkristo wale bila shaka. Mzee akaja asubuhi na kanzu yake, akachinja, akanawa, akapewa kiti kivulini. Akawa anawatazama wanaopita. Flaviana akawa anamtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Saa nane watu wakaanza kuingia. Wakaja! Wakasimama uani kila mmoja na simu yake, wanaoneana haya. Nurdin wa Temeke, yule mbishi wa kundini, kumbe ni kijana mfupi mwenye sauti nyembamba.

"Nurdin ndiye wewe?" akauliza Salsabil. "Mie nilidhani wewe ni jitu."

"Ujitu wangu uko kwenye vidole, dada."

Wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake. Nyama ilikuwa inachuruzika mafuta juu ya jiko kubwa la chuma, jiko la kukodi, limeletwa na Albano, mchoma nyama wa baa moja ya jirani. Flaviana alilichagua kwa ukubwa wake. Aliuliza kama ni safi. Albano akajibu limesuguliwa mpaka linang'aa.

Akamsogelea Albano, amsifu kwa harufu.

"Aah, hili jiko lina mkono mzuri, dada yangu," Albano akasema, anapepea mkaa. "Kila Ijumaa kitimoto ninachochoma hapa, watu wanapanga foleni."

Flaviana akautazama ule wavu.

Wapendwa, tuelewane. Kitimoto ni nyama ya nguruwe. Mbuzi kachinjwa na Mzee Matar kwa mkono wake, kisha kawekwa juu ya wavu wa nguruwe. Flaviana ni Mkatoliki. Aliuliza usafi wa jiko. Hakuuliza jiko limechoma nini. Halikumjia kichwani.

Akatazama kivulini. Anselmo, mdogo wake, alikuwa tayari ameshika birika, anammiminia Mzee Matar maji ya kunawa. Sahani ya kwanza iko mezani, inasubiri.

Alimsimulia mama yake baadaye yote yaliyompitia. Nani atajua? Albano atabeba jiko lake aende zake. Moto si unaunguza kila kitu? Wamekuja kutoka mbali, wana njaa. Mzee karibu aridhike. Nikinyamaza, Salsabil anabaki. Nikisema, nimempoteza.

Mzee akakung'uta maji mikononi. Akanyoosha mkono.

"Mzee, usile!"

Ua wote ukageuka. Flaviana akasogea mezani. "Nisamehe, mzee. Jiko hili huchomewa kitimoto. Sikujua, nimejua sasa hivi. Jamani, Waislamu wote, msile. Hakuna aliyekula bado."

Ikaja sauti ya Nurdin, nyembamba vilevile: "Yaani Flavi, nusura utulishe nguruwe!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Matar akamtazama binti huyu. Akauliza taratibu, "Nani kakuambia useme?"

"Hakuna, mzee."

Mzee akasimama. Akakunja mikono ya kanzu, akachukua bakora yake, akaelekea getini. Salsabil akabeba mkoba wake, akamfuata, macho yamejaa. Flaviana alibaki pale pale. Kwake kundi lilikuwa limekwisha.

Getini mzee akageuka. "Unakwenda wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Si tunaondoka, baba?"

"Mie naondoka, jua limenichosha. Wewe kaa na wenzio." Akanyoosha bakora kumwelekea Flaviana. "Mkimaliza, huyo akurudishe. Yeye mwenyewe, mpaka mlangoni kwangu."

Akaenda zake.

Bi Demetria anasema mwanawe alikaa chini mchangani, akalia kama mtoto. Nyama ya jikoni Albano akaisogeza upande, kashika kiuno: "Basi hii ni ya Wakristo na mimi kiongozi wao!" Hapo watu wakacheka kweli. Nusu ya mbuzi ilikuwa bado mbichi. Nurdin akawachukua wenzake wakaingia mtaani, hodi hodi, nyumba za Waislamu. "Mama shikamoo, tunaomba jiko na wavu, tumepatwa na mkasa!" Wakarudi na majiko madogo ya mkaa, kila moja na sura yake. Wakayapanga uani. Na kwa kuwa jiko dogo linataka wa kupepea, wa kugeuza na wa kulalamika, simu zikaingia mifukoni. Moshi ukawaingia machoni, wakakohoa, wakaitana majina. Jioni ile Flaviana alimrudisha Salsabil mpaka Buguruni, mlangoni. Mzee alifungua mwenyewe. "Mmekula?" "Tumekula, mzee." "Haya."

Ile programu yao waliimaliza. Hata figo ziliposumbua, Salsabil alikuwa anakwenda na kompyuta yake kitandani kwa mgonjwa.

Jumatano tulikuwa msibani Mtongani. Kundi lote lilikuwepo, na Mzee Matar pia. Nurdin alichimba kaburi. Masufuria yalikuwa motoni, na Bi Demetria, pamoja na machozi yake, akamwita Salsabil pembeni: "Mwambie baba yako vyombo hivi tumeazima kwa Waislamu, nyama kachinja Nurdin." Salsabil akaenda kumwambia. Lakini mzee alikuwa ameshapokea sahani, keshaanza kula. Akainua mkono kumnyamazisha.

"Nyumba hii mie siulizi," akasema. Akaendelea kula, machozi yanamdondoka sahanini.

Pole sana, Bi Demetria. Pole Anselmo, umebaki na mama, mshike. Pole Salsabil, na nyie nyote wa kundi lile. Mungu amlaze Flaviana mahali pema, na kule aliko asiogope tena kitu.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia swali moja. Usinijibu mie, jijibu mwenyewe. Katika hao wote unaowajua, ni nani anayeweza kula kwako bila kuuliza?